Picha Nzuri, Lakini Watu Wako Wapi?

Niliazima kitabu cha picha kwa mshkaji mmoja mpiga picha, nikaenda nacho Temeke kwa mjomba wangu. Mjomba alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam mpaka kilipofungwa miaka ya tisini. Jina la kiwanda silitaji, maana habari zake zinafanana na za vingi. Kiliuzwa, mashine zikaondoka kama vyuma chakavu, kikageuzwa godauni. Sasa nusu ya jengo imeshaangushwa na nusu inasubiri katapila.

Kitabu kilikuwa cha Bernd na Hilla Becher, mume na mke, Wajerumani. Kuanzia 1959 walizunguka Ujerumani, kisha Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa na Marekani, wakipiga picha za majengo ya viwanda: minara ya maji, matanuru ya kuyeyushia chuma, mitambo ya mgodini. Mengi yalikuwa yanakaribia kubomolewa. Waliwahi mbele ya nyundo, ndiyo kazi yao yote.

Mjomba alifungua kurasa polepole, kama mtu anayepekua albamu ya harusi ya watu asiowajua. Alipofika katikati akaniuliza:

"Mjomba, na watu wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, nalo limechelewa.

Ndugu msomaji, usidhani hawa Becher walisahau watu. Waliwaacha nje kwa makusudi. Walisubiri siku ya mawingu ili kivuli kisiharibu umbo la jengo, wakasimamisha kamera yao kubwa, wakapiga wakilikabili jengo uso kwa uso. Kisha walipanga picha za aina moja pamoja, minara tisa ya maji kwenye ukuta mmoja, uone jinsi inavyofanana na inavyotofautiana, kama watoto wa baba mmoja. Kazi hiyo si mchezo. Mwaka 1990, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, walipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu, na walipewa kwa upande wa uchongaji, ingawa wao walileta picha. Maana yake, waliwafanya watu wakione kitu ambacho kila siku walikipita bila kukitazama.

Na faida ikaonekana chini, kwenye ardhi. Mgodi wa makaa ya mawe wa Zollern, mjini Dortmund, ulifungwa 1966. Ukumbi wake wa mashine, wenye lango la vioo vya rangi, ulikuwa uvunjwe. Watu wakapiga kelele, wasanii wakiwamo, na mwaka 1969 ukumbi ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Leo mgodi ule ni makumbusho. Kwa hiyo asije mtu akaniambia picha hazizuii nyundo.

Hata hivyo, swali la mjomba haliondoki. Kwenye picha hizi kiwanda kinakuwa kama kinyago kizuri. Hakuna jasho wala king'ora cha saa kumi na mbili asubuhi. Ukikaa nazo muda mrefu unaanza kuamini kwamba tanuru lilijijenga lenyewe. Hapo ndipo mimi nakosana na Becher. Sisemi wangempanga kila mfanyakazi mbele ya mnara, akenue meno. Nasema wametupa mwili wa kazi bila sauti yake.

Sasa chukua Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979. Wengi tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tukaitupa. Irudie. Rashidi na wenzake wa bandari ya Zanzibar, mpaka mgomo wa 1948, wanakuja na sauti zao, njaa yao na hasira yao. Hapa watu wapo, tena wamejaa. Becher alihifadhi kuta, Shafi akahifadhi makuli. Mara ya kwanza nilidhani nimepata mshindi: fasihi moja, picha sifuri.

Mjomba akaniharibia hesabu. Alipoufikia ukurasa wenye ukumbi mrefu alisimama, akanionyesha kwa kidole. "Sisi paa letu lilikuwa na meno kama ya msumeno. Mwanga unaingia, jua halikuchomi." Kisha akaanza kueleza: mashine zilivyopangwa, kelele zilivyokuwa kubwa mpaka wafumaji wakajifunza kusomana midomo. Mpaka leo ukinong'ona upande wa pili wa sebule, anakujibu. Miaka yote hiyo nilidhani ana masikio makali, kumbe masikio ndiyo yaliyokwisha.

Hadithi hiyo hajawahi kuisimulia. Ilitolewa na picha ya ukumbi, tena ukumbi wa watu wengine, nchi nyingine. Ukuta bila mfanyakazi ni bubu, sawa. Lakini mfanyakazi bila ukuta hana pa kunyooshea kidole.

Wapo watakaosema: bwana mdogo, godauni bovu la nini, vijana wanataka ajira na vyumba vya kupanga. Wana hoja, na mimi mwenyewe ni mpangaji. Ila hao vijana wanaotaka pa kuanzia wameanzia wapi? Nairobi, mwaka 2003, maghala yaliyokuwa ya kutengenezea magari yaligeuzwa kituo cha sanaa cha GoDown. Hapa kwetu Nafasi Art Space iko Mikocheni, eneo la viwanda. Ghala la zamani lina paa la juu na sakafu isiyoogopa rangi. Mchoraji anayeanza atalipata wapi kwenye ghorofa la vioo?

Mji wetu unajua kutunza. Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultan Majid, limesimama mpaka leo. Tunatunza nyumba za watawala na nyumba za ibada. Nyumba za kazi ndizo tunazoziuza kwa uzito wa bati.

Kwa hiyo, nyie mnaoleta mashairi ya mapenzi kila toleo, nawaomba kitu. Mtaani kwenu kuna jengo la kazi. Nendeni na kamera, na daftari pia. Msipige picha bila kuuliza nani alisimama wapi.

Mimi nimeanza. Jumapili mjomba alichora ramani ya kiwanda nyuma ya kalenda ya zamani. Mlango, kantini, chumba cha rangi, mashine yake ya tatu kutoka dirishani. Kisha akaandika majina ya wenzake, mashine kwa mashine. Safu ya pili ina nafasi nne tupu. Ameniambia nirudi Jumapili ijayo, labda atakuwa amekumbuka.