Lawino Hakuja Kututembeza

Sisi tunaosoma kwa simu tuna msemo wetu siku hizi: ukitaka kujua nchi, soma mashairi yake. Unapewa orodha kabisa. Chile, soma Neruda. Palestina, soma Darwish. Uajemi, soma Rumi. Ukimaliza unahisi umezunguka dunia, na hujalipa hata nauli ya kutoka Kitengela hadi Athi River. Sina pasipoti, na mashairi ya watu wa mbali nayapenda sana, kwa hiyo siwezi kulibeza wazo lenyewe. Shida yangu ni namna tunavyolitumia. Tunaliingia shairi kama watalii, tunapiga picha tatu, tunatoka.

Chukua Rumi, kwa sababu ndiye yuko kwenye status za watu. Rumi wa status ni mpole, hana dini, hana mji, hana adui. Anapendeza juu ya picha ya machweo. Jalaluddin Rumi mwenyewe alizaliwa 1207 na kufia Konya 1273. Alikuwa mwanazuoni wa sheria za Kiislamu, mtoto wa mhubiri, na mashairi yake ya Kiajemi yamejaa Kurani na hadithi za mitume. Huyu tunayemgawana mtandaoni ametoka kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Coleman Barks, mshairi wa Marekani ambaye hakuwa akisoma Kiajemi. Alichukua tafsiri za zamani za Kiingereza zilizofanywa na wataalamu, akazipangua, akaziandika upya kama mashairi huru ya kwao. Kitabu chake cha 1995, The Essential Rumi, kiliuzwa sana. Njiani Uislamu mwingi ulidondoka. Mtu akisoma mistari ile anajifunza machache mno kuhusu Konya ya karne ya 13. Anajifunza zaidi kuhusu Wamarekani wa miaka ya 1990 na jinsi walivyotamani kupumzika.

Mtasema basi tatizo ni Kiingereza katikati. Si hilo tu. Mwajemi mwingine, Omar Khayyam, mwanahisabati wa Nishapur aliyefariki 1131, alipita njia hiyohiyo hadi akafika pwani yetu. Edward FitzGerald alimwandika kwa Kiingereza mwaka 1859, kwa uhuru mwingi, na kutoka kwa FitzGerald Shaaban Robert akapata Omar Khayyam kwa Kiswahili, mwaka 1952. Yaani Khayyam huyo ni wa mkono wa tatu. Na bado mimi namheshimu, kwa sababu ya mahali alipotua. Alitua katika lugha ya mawaidha, lugha ambayo Mwana Kupona aliitumia kumwachia binti yake wosia mwaka 1858, na ambayo Shaaban mwenyewe aliitumia maisha yake yote kusifu adili. Sasa lugha hiyo ikatakiwa kubeba mtu wa mvinyo na mashaka, mtu ambaye hana hakika kama kuna anayesikiliza huko juu. Nishapur siioni mle. Naona Tanganyika ya miaka ya 1950 ikionja wazo gumu na kukataa kulitema. Hicho ni kitu, tena kikubwa.

Lakini kitabu ninachotaka tukikalie ni cha jirani. Okot p'Bitek, mtoto wa Gulu, aliandika shairi refu kwa Kiacholi, akalitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na Song of Lawino ikachapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1966. Kiacholi chenyewe kilingoja hadi 1969. Mwaka 1975 Paul Sozigwa wa Tanzania akatupa Wimbo wa Lawino. Wengi wenu mmekutana na Lawino darasani, na najua mlivyokutana naye, kwa sababu chuoni, kabla sijaacha mwaka wa pili, mimi pia nilipewa lile swali: taja desturi za jamii ya mshairi zinazojitokeza katika shairi. Tukataja. Ngoma, jiwe la kusagia, chungu cha mchuzi, mpangilio wa nyumba ya mama. Alama kumi. Tukafunga Uganda, tukaenda nchi nyingine.

Rudi umsome tena, ukiwa na hasira kidogo. Lawino hajaja kututembeza uacholini. Ameachwa. Mumewe Ocol, msomi wa Makerere, amempata Clementine, anamwita mkewe mshamba na mwanga mbele ya watu, na Lawino amesimama mbele ya ukoo mzima kutoa kesi yake. Kila anachokitaja ni ushahidi. Akieleza jiko la mama yake kitu kwa kitu, hafundishi upishi. Anamjibu mwanaume aliyesema kwamba jiko hilo ni uchafu. Akieleza kwamba yeye hujua saa kwa jogoo, kwa jua na kwa mtoto anayelilia chakula, ni kwa sababu kuna saa kubwa ukutani ambayo Ocol hutumia kumdhalilisha. Anadai hata kwamba vitabu vimemponda mumewe kiume. (Kama mtu wa digrii nusu, hapo nilicheka peke yangu ndani ya matatu.)

Ukiondoa ugomvi unabaki na makumbusho, na makumbusho ya Okot hayana faida, kwa sababu Lawino si shahidi wa haki hata kidogo. Anamsema Clementine vibaya mno, midomo, mwili, umri, kila kitu. Anazidisha, na pengine zipo pande za Ocol anazozificha. Na tusisahau aliyemwandikia maneno: mwanaume aliyekwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya mpira ya Uganda, akabaki kusoma, akapitia Bristol, Aberystwyth na Oxford. Alikuwa na shahada kumzidi Ocol. Kwa hiyo utamaduni wa Waacholi tunaoupata humu ni hoja ya msomi mmoja dhidi ya wasomi wenzake, imewekwa kinywani mwa mwanamke ambaye hajui kusoma. Mimi naona hilo linakifanya kitabu kuwa kizuri zaidi. Nchi inayobishana na yenyewe unaweza kuiamini kidogo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote inahusu tafsiri yenyewe. Okot anasimulia, humu na katika maandishi yake kuhusu dini, kwamba mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Swali halikueleweka. Wakaulizwa tena, nani aliyewafinyanga? Wazee wakakumbuka kwamba mtu anapopinda mgongo na kuota kibyongo, husemwa amefinyangwa na Rubanga, jini wa ugonjwa huo. Wakajibu: Rubanga. Na jina hilo likaingia katika sala, likawa jina la Mungu. Kicheko cha Lawino hapo ni kichungu. Mtu alikuja na orodha ya maswali kuhusu utamaduni, akapata majibu, akaenda zake akidhani ameelewa. Mimi hukumbuka lile swali letu la alama kumi kila nikifika hapo.

Je, Sozigwa alifanikiwa? Kuna kitu Kiswahili kinampa Lawino ambacho Kiingereza hakikuwa nacho. Kwa Kiingereza analazimika kujieleza kwa wageni. Kwa Kiswahili anaingia katika lugha inayojua mke mwenza ni nini, inayojua kijembe, inayojua mwanamke anaweza kusimama kwenye harusi na kumwimba mwenzake bila kumtaja jina. Amekaa nyumbani kwa watu. Lakini angalia tarehe. Mwaka 1975 Idi Amin alikuwa na miaka minne madarakani, na wanajeshi wengi wa Kiacholi na Kilango walikuwa wameshauawa. Kiswahili, kwa raia wengi wa Uganda, kilikuwa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani. Okot mwenyewe alikuwa uhamishoni huku Kenya, akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hiyo lugha tuliyompa Lawino, sisi tukiiona ya undugu, kwao ilikuwa na bunduki begani. Hakuna neno la kutafsiri ambalo lingeondoa hilo. Sidhani hata lilifaa kuondolewa. Ningependa tu chapa yoyote mpya iwe na ukurasa unaolisema.

Halafu tujipime wenyewe. Mtu wa Chile akitaka kutujua kwa mashairi, akampata Muyaka bin Haji wa Mombasa, atatoka na milango ya kuchonga na harufu ya karafuu? Muyaka, aliyefariki karibu 1840, alikuwa akiwapiga watu kwa maneno. Mombasa ya Wamazrui ilikuwa imegombana na Lamu na Sayyid Said wa Oman, na mashairi yake yalikuwa silaha humo. Ukimpokonya ugomvi huo unabaki na mzee anayejua vina.

Sasa nitoke pwani nirudi ninapoishi, kwa sababu hapa ndipo msemo wetu wa nchi na mashairi unanikwama. Laiser Hill. Tunalitaja jina hilo tukimwelekeza mtu wa boda boda. Laiser ni ukoo wa Wamaasai. Tumejenga juu ya majina ya watu na hatujui wanaimba nini. Mimi nina Neruda kwenye simu, nina Khayyam wa mkono wa tatu, na kwa Kiswahili sina hata wimbo mmoja wa Kimaasai wa kusoma. Nilichonacho ni Oral Literature of the Maasai ya Naomi Kipury, ya 1983, kazi ya maana sana, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kumbe hata jirani wa ng'ambo ya uzio namfikia kwa kupitia London, kama Rumi.

Na uzio ndio wenyewe. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa na Laikipia, ikawasukuma kusini, Kajiado na Narok ya leo. Mwisho wa miaka ya 1960 serikali ikaleta ranchi za pamoja. Miaka ya 1980 za huku zikaanza kugawanywa, kila mtu na kipande chake, zikaja nyaya, zikaja ploti za 50 kwa 100, tukaja sisi. Nyumbu waliotoka Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua kwenda malishoni nyanda za kusini sasa wanagonga seng'enge. Hapa kuna kesi nzito kuliko ya Lawino, na mlalamikiwa mmojawapo ni mpangaji kama mimi.

Tukimpata mtafsiri anayejua Kimaa na Kiswahili, tafadhali asituanzie na shanga na kuruka. Hizo tumeuziwa kwenye kila kadi ya posta. Aende kwa olaranyani, yule anayeanzisha wimbo wenzake wakimjibu kwa kooni, na kwa wanawake, ambao wana nyimbo zao. Auulize ukoo mmoja unamsema nani, ng'ombe wa nani walisifiwa, ni nani aliyeuza shamba akaimbwa kwa aibu, na sisi wa ploti tunaitwaje. Matusi ayaache palepale yalipo. Mimi nitanunua nakala ya kwanza, na kama jina langu la kupangwa humo ni baya nitalisoma kwa sauti kwenye stage.