Bwana Msa, Mganga na Mchawi wa Kimarekani

Wamarekani wana aina ya riwaya ya upelelezi ambayo haimtishi mtu. Mauaji yamo, maana bila maiti hakuna kazi ya kufanya, lakini damu haimwagiki mbele ya msomaji, na baada ya kurasa mbili tatu watu wamekwisha rejea kwenye keki zao na masengenyo yao. Mji ni mdogo, mara nyingi wa majimbo ya Kusini, kwenye joto na baraza za mbao, ambako kila mtu anajua nani hasemezani na nani. Katika tawi moja la riwaya hizo mpelelezi mwenyewe ni mchawi. Ana duka la mitishamba, ana paka mwenye akili kuliko polisi, ana shangazi aliyemrithisha kazi, na akikwama huchanganya dawa akaona yasiyoonekana. Mwisho muuaji hukamatwa na mji mzima hukusanyika kula.

Kitabu kimoja cha namna hiyo nilikiokota katika nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, kimeachwa na watalii pamoja na chupa ya mafuta ya kujikinga na jua. Nilikisoma kwa siku mbili nikacheka sana. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nilikidharau. Lakini nilipokifunga nilibaki na swali: kwa nini hadithi ile, ikihamishiwa hapa, isingenichekesha?

Maana mali ghafi tunayo, tena ya kuuza. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Bagamoyo bila kutaja shughuli, atatabasamu na kukuuliza nani amekuroga, au wewe unakwenda kumroga nani. Nguzo za umeme za njia yote ya Tegeta na Bunju zimebandikwa karatasi za waganga, kila mmoja na namba yake ya simu, anarudisha mume, anazuia wezi, anakuza biashara. Timu za mpira zina wajumbe ambao mashabiki huwaita kwa heshima kamati ya ufundi, na kila mtu anajua ufundi huo hauhusu viatu wala mazoezi. Sisi wenyewe wa pwani tunayacheka haya mchana kutwa. Usiku ni habari nyingine.

Tatizo la kwanza ni la jina. Mwanamke yule wa Kimarekani kwa Kiswahili chetu asingeitwa mchawi, angeitwa mganga. Mchawi ni yule anayedhuru, na hakuna mtu anayefungua duka na kujitangaza kuwa ndiye. Tofauti hiyo ni kubwa mpaka siku ya msiba. Siku ya msiba ajuaye dawa hushukiwa kuwa anajua na sumu, na bibi aliyekuwa akichimbia watoto mizizi ya mchango huanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Riwaya yetu inayokaribiana na zile za Wamarekani, kwa ucheshi wake na kwa mji wake mdogo, iliandikwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kabla ya kuingia kwenye magazeti. Napenda kufikiri kwamba mkaguzi wa afya ni shule nzuri ya mwandishi wa upelelezi: huingia nyumba za watu, hutazama visima na vyoo, na hujifunza kwamba maradhi yana njia yanayopitia. Kisa chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, kikatoka kitabu mwaka 1960. Hapo ndipo tulipokutana na Bwana Msa na kiko chake, na Najum rafiki yake, ambaye kazi yake kubwa ni kuuliza yale ambayo msomaji anaona haya kuuliza. Kwamba wawili hao ni jamaa wa Sherlock Holmes na daktari wake si siri. Mwaka 1968 kikafuata Kisima cha Giningi, kwa jina la ule mji wa wachawi unaosimuliwa Unguja.

Tazama majina hayo mawili: mzimu, na kisima chenye jina la mji wa wachawi. Abdulla aliweka maiti pale pale ambapo watu walikuwa wamekwisha pata jibu. Tajiri Ali Bomani amekufa mzimuni. Basi mizimu imemuua, twende tukazike. Kila mtu ameridhika, na anayeridhika zaidi ni muuaji. Bwana Msa peke yake anavuta kiko na kukataa kuridhika.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa mwandishi huyu. Mpelelezi na mganga wa ramli ni mahasimu wa kazi moja. Wote wawili huitwa baada ya kifo, wote hukataa kwamba mtu amekufa tu, wote hutafuta nani, na wote humaliza kwa kutaja jina mbele ya watu waliokusanyika. Ukimwona Bwana Msa sura za mwisho, amewakalisha jamaa wote barazani na anawazunguka kwa maneno, unaweza kudhani anapiga bao. Tofauti ni kwamba yeye huwajibika kueleza alipopita. Najum anaweza kumrudisha nyuma: mbona ulisema vile? Ulijuaje? Na sisi tunaweza kufungua ukurasa wa nyuma tukakagua. Mganga hana ukurasa wa nyuma. Abdulla aliandika baadaye kitabu kiitwacho Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984. Sijapata kuona mganga anayetangaza kosa lake, seuze kulipa jina la kitabu.

Sasa riwaya ya Kimarekani inafanya nini? Inamweka mganga na mpelelezi katika kanzu moja. Anayetaja jina ameliona katika dawa, na ameliona sawasawa kwa sababu mwandishi amependa awe sawa. Kule ni mchezo. Salem walinyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692, na leo mji huo unauzia wageni kofia zenye ncha na mifagio. Miaka mia tatu ni umbali wa kutosha kwa kicheko. Sisi umbali huo hatuna.

Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga maelfu ya wazee, wengi wao wanawake, wameuawa tangu miaka ya sabini kwa kuitwa wachawi, na mara nyingine ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Kwanza mtu alikwenda kwa mpiga ramli, kisha jina likatajwa, kisha mapanga. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya wakoloni, iliona jambo hili na kuhesabu kuwa kosa kumtaja mtu kwamba ni mchawi, lakini sheria haikai ukumbini ramli inapopigwa. Wala sisi wa pwani tusijitoe. Mwaka 1995 popobawa alipovuma Pemba na Unguja, watu walilala nje makundi kwa makundi, na vichekesho vilivyotungwa juu yake havina idadi. Ninavyo vingine mpaka leo. Katika vurumai hiyo hiyo, Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na watu. Kicheko na jiwe vilitoka katika mikono ile ile.

Ndiyo maana nauliza kila kitabu cha kuchekesha chenye mchawi: tunamcheka nani? Abdulla hamcheki bibi kizee. Anawacheka wenye haraka ya kuamini, na zaidi anawacheka wakubwa wanaoona fedheha kuulizwa maswali. Anayetisha kwake ni mrithi mwenye subira na barua iliyofichwa.

Jirani yangu mmoja wa Mji Mkongwe, bibi mtu mzima ambaye macho yake hayasomi tena, aliwahi kuniomba nimsomee Mzimu wa Watu wa Kale jioni baada ya swala. Alicheka penye kuchekwa, akamkatiza Najum mara nyingi kuliko Bwana Msa anavyomkatiza. Tulipomaliza alinyamaza kidogo.

"Hodari huyo Bwana Msa wako, mwanangu," akasema. "Lakini huku angekufa njaa."

"Kwa nini, bibi?"

"Nani atamlipa ili aambiwe mbaya wake yumo nyumbani mwake? Mtu hutoa pesa aambiwe ni jirani."

Nimesoma tahakiki nyingi za wasomi juu ya Abdulla, na hakuna iliyonieleza jambo hilo kwa uwazi kama bibi yule. Ramli huutoa ubaya nje, humwangukia mjane wa mtaa wa pili asiye na mtoto wa kumtetea. Bwana Msa huurudisha ndani, kwenye mirathi, kwenye ndoa ya siri, kwa mtoto asiyemjua babaye.

Hayo ndiyo maghala yake na ndiyo udhaifu wake pia. Nasaba zilizofichwa zimemzidi. Ukisoma vitabu vitatu mfululizo unaanza kumshuku kila mhusika kuwa ni ndugu wa mwingine, na katika Mke Mmoja Waume Watatu, cha mwaka 1975, jina lenyewe limekwisha kukuonya. Waamini mizimu wake nao mara nyingi wanabaki nyuso za kupita, wa kushangaa na kukimbia. Ningependa mmoja wao apewe nafasi ya kubishana na Bwana Msa kwa hoja, kwa sababu hapa Bagamoyo nimewasikia wenye hoja, na si wajinga.

Waliokuja baada yake walikwenda kwingine. Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa ni watu wa bastola na hoteli, maadui zao ni majasusi, na mji wao ni mkubwa kiasi kwamba maiti haina majirani. Nawasoma kwa furaha. Ila hawajapata kushuka kituo cha Kerege au Mapinga, wakakaa na kahawa hapo penye bao, mtu akafa usiku na asubuhi kila mmoja akawa anajua tayari ni nani.