Mwalimu Asiyekimbilia Jibu

Picha ikiwekwa mbele ya darasa, wanafunzi huitolea hukumu kabla hawajaitazama. "Huyu mama ana huzuni," mmoja atasema, na wenzake wataafiki. Hapo ndipo ufundi wa mwalimu unapoonekana. Mwalimu aliyeiva hasemi ndiyo wala siyo. Anauliza tu: umeona nini hata ukasema hivyo?

Swali hilo ni moja kati ya matatu yaliyoenezwa na Abigail Housen, mwanasaikolojia, na Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza idara ya elimu ya jumba la sanaa za kisasa la New York. La kwanza linauliza kinachoendelea pichani, la tatu linauliza kuna nini zaidi. Kwangu mimi, la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu halimwachi mwanafunzi aelee na maoni yake. Linamrudisha kwenye picha.

Tuchukue picha ambayo wengi wameiona, ile ya mama na wanawe aliyoipiga Dorothea Lange mwezi Machi 1936, kwenye kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Huzuni iko wapi? Mwanafunzi sasa hana budi kutafuta. Anaona makunyanzi kwenye paji la uso. Anaona macho yanayotazama mbali, yakiiacha kamera pembeni. Anaona vidole vilivyogusa shavu kidogo tu, na mkono wa sweta uliochakaa na kuanza kufumuka. Halafu mwingine anapaza sauti: kuna kichanga mapajani! Darasa zima linainama kutazama upya. Mwalimu angeweza kuwaonyesha kichanga hicho tangu dakika ya kwanza, lakini alijizuia, na kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko kueleza.

Kisha anawauliza kuhusu wale watoto wawili walioegemea mabega ya mama yao. Mbona wametupa visogo? Ukimya unaingia. Anauacha ukae. Hatimaye mmoja anajibu kwamba nyuso zao zingeonekana, macho yetu yangegawanyika. Sasa yote yanakwenda kwa mama. Naam, mwanafunzi huyo amekwisha kugundua kwamba nyuma ya kamera kuna mtu anayechagua. Lange alipiga picha kadhaa siku ile, na katika nyingine hema linaonekana, na binti mkubwa yumo. Zikiwekwa kando ya hii maarufu, wanafunzi wanaona wenyewe kilichoachwa nje.

Kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko yote. Kwenye kona ya chini, upande wa kulia, palikuwa na kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema. Miaka michache baadaye Lange aliagiza kifutwe kwenye negativu, jambo ambalo halikumfurahisha Roy Stryker, mkuu wake wa kazi serikalini. Mwalimu akiweka nakala mbili sambamba, yenye kidole na isiyo nacho, hahitaji kuhubiri kuhusu ukweli wa picha. Wanafunzi wataanza kuuliza wenyewe.

Jina la mama huyo linakuja mwisho kabisa: Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee, aliyekuwa na umri wa miaka 32. Ulimwengu ulimjua kwa jina mwaka 1978 tu, na alisema kwa uchungu kwamba hakupata hata senti kutokana na picha ile. Mpangilio huu si wa bahati. Jina na historia vikitangulia, darasa litanukuu daftarini na kufunga macho. Vikija baada ya kutazama, vinaangukia kwenye maswali yaliyo tayari.

Nasi hatuhitaji kwenda California. Sebule nyingi za pwani zina picha za studio: bibi amekaa kitini, mkono juu ya meza, nyuma yake pazia lililochorwa. Nani alichagua nguo ile? Saa ya mkononi ilikuwa ya nani? Kwa nini babu amesimama? Mtoto akipewa picha kama hiyo atahojiana na wazee wake jioni nzima.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa historia, wa sanaa na hata wa Kiswahili: toeni kipindi kimoja cha dakika 40 kwa picha moja tu, bila maelezo chini yake. Picha ya pili ingoje wiki ijayo.