Karafuu za Pemba, Kisukuku cha Mombasa

Kazi yangu siku hizi ni kuandika lebo. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi nyumbani Changamwe, na sasa kuna duka la viungo pale Marikiti linalonilipa niandike maneno ya pakiti na ya ukurasa wao wa Instagram. Juzi niliandika "Karafuu za Mombasa". Ami mwenye duka akavua miwani.

"Mwanangu, hizi zatoka Pemba. Hapa zapita tu."

"Lakini Ami, wateja wa Nairobi wanaijua Mombasa."

"Basi waijue na Pemba."

Nikafuta. Usiku huo nikawa nasoma kuhusu visukuku vya pwani yetu, nikakuta lebo ambayo haikupata Ami wa kuipitia.

Amonaiti alikuwa mnyama wa baharini, jamaa wa pweza na ngisi, aliyeishi ndani ya gamba lililojisokota. Ukoo wake wote uliisha kama miaka milioni 66 iliyopita. Yaliyobaki ni magamba yaliyogeuka jiwe. Mmoja wao anaitwa Hybonoticeras hildebrandti. Ni kitu kizuri kukitazama: mgongoni ana mfereji, na kila upande wa mfereji safu ya vijinundu. Umri wake ni takriban miaka milioni 150. Aliyemwandika kwanza ni Ernst Beyrich, mjini Berlin, mwaka 1877, katika makala kuhusu amonaiti za "Mombassa", kwa s mbili. Mawe yenyewe yalikusanywa na Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyezunguka Afrika Mashariki akitafuta mimea. Ndiyo maana kisukuku kina jina lake.

Sasa tuisome lebo hiyo kama tunavyosoma hadithi. Nani katajwa? Mkusanyaji. Mahali ni wapi? Mombasa.

Hapo ndipo ninapokwama. Kisiwa cha Mombasa, sehemu kubwa, ni jiwe la matumbawe, lile lile lililochongwa kujengea Fort Jesus kuanzia 1593. Kwa hesabu za miamba hilo ni jiwe changa sana. Chimba Marikiti yote, utatoka na matumbawe. Mwamba wa zama za amonaiti, tope la bahari lililogandamana tabaka kwa tabaka, unauona ukishavuka Makupa: Changamwe, Miritini, mpaka Rabai. Yaani kwetu.

Na kwetu, mtu akipanda matatu kuja mjini husema, "Naenda Mombasa." Nikifika mjini nikajitambulisha, naambiwa, "Ah, kumbe wewe si wa Mombasa, wa Changamwe." Sawa, nimezoea. Lakini jiwe la ng'ambo yetu liliposafiri Ulaya, lilipewa jina la Mombasa bila mtu kuuliza. Tukija na mguu tu, sisi ni wa ng'ambo. Tukiwa na kitu cha kuonyeshwa, sisi ni Mombasa.

Utaniambia msomaji wa Berlin mwaka 1877 angeijuaje Changamwe? Kweli. Ila hiyo ndiyo hoja niliyompa Ami, na nilishindwa. Msomaji hujua anachoandikiwa.

Tena hili si suala la adabu tu. Kisukuku kisichojulikana kimetoka tabaka gani hakimfai sana mtaalamu. Tazama kazi iliyokuja baadaye. Mwaka 1930 Jumba la Makumbusho la Hunterian, Glasgow, lilichapisha ripoti za mkusanyiko wa Bi M. McKinnon Wood kutoka pwani ya Kenya. (Usimchanganye na Mackinnon wa jina la Kizungu la Marikiti, huyo mwingine.) Amonaiti zake zilichambuliwa na L. F. Spath, ambaye miaka hiyo hiyo alikuwa akichambua amonaiti za Kachchh, India. Pwani hizi mbili zina amonaiti za jamaa moja, kwa sababu zama hizo zilikuwa kingo za bahari moja nyembamba, India ikiwa bado jirani yetu. Wenye asili ya Kachchh wako Mji wa Kale vizazi na vizazi, amonaiti waliwatangulia. Habari tamu kama hii haipatikani bila mtu kuandika kwa makini: jiwe hili limetoka hapa, si pale.

Kwa hiyo sidai jina la Hildebrandt lifutwe. Alikusanya, na sheria za majina ya viumbe hazibadilishwi kwa hasira zangu. Ninachodai ni mstari mmoja zaidi. Popote amonaiti wa kwetu alipo, Berlin, Glasgow au Nairobi, kibao chake kitaje mwamba wake kwanza, bandari baadaye. Mtoto wa Miritini akikiona kwenye simu, ajue kuwa kilitoka chini ya nyumba yao.

Asubuhi nilimpelekea Ami pakiti mpya. Juu: "Karafuu za Pemba". Chini, kwa herufi ndogo: "Zinauzwa Marikiti, Mombasa". Akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Hiyo sasa," akasema, "ni lebo."