Mizani ya Mfumo Endeshi: Mwongozo kwa Mnunuzi Mpya wa Kompyuta

Mtu wa Masukulu, wilayani Rungwe, anayekwenda Tukuyu au Mbeya kununua kompyuta yake ya kwanza, awe mwalimu mwenye mitihani ya kuchapa, au katibu wa chama cha msingi mwenye hesabu za wakulima wa chai, au kijana anayekusudia kufungua steshenari, aghalabu huuliza habari za chombo, yaani bei yake, ukubwa wa kioo chake na umri wa betri yake, lakini husahau kuuliza habari za mfumo endeshi, ambao ndio unaopokea amri zake zote, ukazitimiza au ukazikhalifu. Mizani yangu katika jambo hili ni moja: ubora wa mfumo hudhihirika siku ya taabu, umeme unapokatika katikati ya mvua za Rungwe, bando linapokwisha, flashi ya mteja inapoleta virusi, na fundi anapokuwa mbali. Sura yake ya kupendeza dukani si ithibati ya kitu chochote.

Mifumo inayomkabili mnunuzi wetu ni mitatu. Windows ya kampuni ya Microsoft ndiyo iliyoenea, na kila fundi aijua; macOS haitolewi ila kwa kompyuta za Apple, ambazo ni ghali kuzinunua na ghali kuzitengeneza; na Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, hupatikana bure kwa namna nyingi, na miongoni mwake zinazomfaa mgeni ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint iliyojengwa juu ya msingi wa Ubuntu.

Alama ya kwanza ya ubora ni muhula wa matunzo. Mfumo usioletewa tena marekebisho ya usalama na waliouunda hubaki wazi kwa kila adui, hata kama ulikuwa mzuri jana. Windows 10, ambayo bado imo katika laptopu nyingi za mtumba, ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows 11 inayoirithi yataka prosesa isiyo ya zamani, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64 katika diski, masharti ambayo laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziyatimizi. Fundi akikuahidi kukupigia Windows 11 kwa kuyaruka masharti hayo, jua kwamba Microsoft haikudhaminii kuletewa marekebisho. Matoleo ya Ubuntu yanayotoka mwezi Aprili wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili hutunzwa kwa miaka 5 bila malipo, na mashine ya zamani huweza kuyapokea maadamu ina nguvu ya kuyabeba.

Alama ya pili ni wepesi, na hapa mnunuzi asidanganywe na mfumo ulioachwa ukiwaka tangu asubuhi. Kama vile mpokeaji wa chai mwenye ujuzi asivyoridhika na kapu kujaa, bali huchambua ayaone majani mawili na chipukizi, nawe izime mashine kabisa, uiwashe upya, kisha ufungue kivinjari chenye kurasa tano na waraka mrefu wenye majedwali, uende huku na huku baina yake. Mashine ikisita katika kazi hiyo ndogo, itakuchosha katika kubwa. Windows 11 katika RAM ya GB 4 huenda kwa kuhema. Linux Mint huweza kuishi katika GB 2, na katika GB 4 hufanya kazi za ofisi kwa utulivu. Lakini kwa mfumo wowote ule, kuiondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD isiyozunguka huleta nafuu kubwa kuliko kubadili jina la mfumo.

Alama ya tatu ni utii kwa kazi yako hasa. Mifumo ya serikali kama NeST ya ununuzi wa umma hufunguliwa katika kivinjari, kwa hiyo haibagui Windows wala Linux. Lakini mwenye kutunza hesabu kwa Tally hana budi kuwa na Windows, kwa kuwa programu hiyo imetengenezwa kwa ajili yake. Mwalimu ataona kwamba LibreOffice, programu ya ofisi itumikayo katika Linux, huufungua mtihani ulioandikwa kwa Word, na mistari ya maandishi aghalabu hukaa mahali pake, bali michoro na majedwali huweza kuhama. Basi auchukue mtihani wake mgumu kuliko yote, aufungue mbele ya muuzaji, na auchapishe kwa printa ile ile atakayoitumia, maana ziko printa zinazokataa kuitambua Linux.

Alama ya nne ni uhalali. Windows ya kukraki hudai uzime mlinzi wake ndipo ikubali, na huyo ni mlinzi yule yule utakayemhitaji flashi ya mteja itakapoyageuza mafaili yako kuwa njia za mkato. Wengi hawajui kwamba tangu Windows 8 ufunguo halali wa mashine nyingi umehifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe, hata toleo linalolingana nao likipigwa upya hujithibitisha bila hila; basi mwambie muuzaji akuonyeshe ukurasa wa uthibitisho katika mipangilio kabla hujatoa fedha. Linux haina ufunguo wa kuibwa, wala virusi vya Windows kwa kawaida havifanyi kazi ndani yake, ingawa mwenye busara hataacha hadhari.

Alama ya tano ni heshima kwa bando lako. Linux Mint huonyesha orodha ya marekebisho na uzito wake, kisha hungoja idhini. Windows huyashusha yenyewe, mpaka uiambie kwamba mtandao wako ni wa kupimwa.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye mashine mpya, au kazi iliyofungwa na programu ya Windows, achague Windows 11 halali. Mwenye laptopu ya mtumba isiyotimiza masharti, na kazi zake ni nyaraka, barua na kivinjari, achague Linux Mint, ili mradi awe na mtu wa karibu anayeijua. Na asiyejua aelekee wapi asikate shauri kwa maneno matupu: Ubuntu na Mint huwashwa kutoka flashi bila kugusa kitu katika diski, basi ajaribu jioni nzima kwa nyaraka zake, printa yake na modemu yake, akiwa amekwisha kuhifadhi nakala ya mafaili yake mahali pengine, kwa kuwa hapana mfumo hata mmoja kati ya hii unaostahili kukabidhiwa peke yake kazi ya miaka.