Wale Waimbao Wanaimba kwa Lugha Gani?

Mwaka 1951 ilitolewa filamu iitwayo The African Queen, iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Waigizaji wakuu ni Katharine Hepburn na Humphrey Bogart, na huyu wa pili alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa kwetu Uganda na kwa jirani zetu wa Kongo, na wageni wangali wakija kuulizia palipopigwa picha. Tumeona yafaa kuitazama upya kwa jicho la mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu ya swali tuliloulizwa darasani.

Hadithi yatokea Septemba 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Wajerumani wanachoma kijiji cha misheni, mmisionari Mwingereza anafariki, na dada yake, Rose, anaondoka kwa mashua pamoja na fundi Charlie Allnut. Wanateremka mto Ulanga wakikusudia kuizamisha meli ya Wajerumani iliyo ziwani.

Mto huo umeshonwa kwa viraka. Maji yake meusi ni ya Ruiki, mto uingiao Lualaba karibu na Ubundu, mji ulioitwa zamani Ponthierville. Kijiji kilisimamishwa Butiaba, ufuoni mwa Ziwa Albert. Picha nyingine zilipigwa Murchison, mahali ambapo Nile hujibana katika mwanya wa meta 7 hivi kabla ya kuporomoka kiasi cha meta 43. Zilizobaki zilipigwa studio, huko Uingereza. Ama Ulanga wa kweli uko Tanzania, na maji yake huishia katika Rufiji na Bahari ya Hindi, wala hayafiki ziwa lolote.

Hayo hatuyalaumu. Msanii ana ruhusa ya kuazima mto huku na maporomoko kule, mradi kazi yake isimame; na kazi hii imesimama. Jua lile ni jua la kweli, na uchovu tuuonao katika nyuso za wale wawili haukupakwa rangi. Hepburn mwenyewe alisimulia baadaye, katika kitabu cha mwaka 1987, jinsi alivyougua wakati wa kupiga picha.

Lawama yetu iko penginepo. Filamu yafunguka kanisani, katika kijiji kilichopewa jina la Kungdu, jina lisilokaa kinywani mwa Mswahili. Rose anapiga kinanda, kaka yake anaimba kwa bidii, na waumini wanatoa mchanganyiko wa sauti zisizo na maneno. Mtazamaji anatarajiwa acheke. Wanafunzi wetu hawakucheka. Mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, wale waimbao wanaimba kwa lugha gani?"

Ilitubidi tukiri kwamba hawaimbi kwa lugha yoyote. Walakini mwaka 1914 Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya utawala katika nchi ile ya hadithi. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapishwa Tanga, na Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutolewa kwa Kiswahili tangu mwaka 1891. Tena, wapiga picha walipofika Lualaba walifika miongoni mwa watu wanaosema Kiswahili chao cha Kongo. Hapakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta maneno. Ilitosha kuwauliza waliosimama mbele ya kamera.

Kosa hili la lugha lina ndugu yake katika historia. Kisa cha Forester kina asili katika vita vya Ziwa Tanganyika. Huko Waingereza walipeleka mashua mbili, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba mwaka 1915, katika njia iliyofyekwa na mamia ya vibarua wa Kiafrika. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, haikuzamishwa na mashua hizo. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo kwa miongo mingi. Katika filamu vibarua hao hawamo. Mto umebakiziwa Wazungu wawili, na wenyeji, wakishakwisha kuimba na kuchomewa nyumba, hawaonekani kuwa na shauri lao wenyewe.

Hatusemi filamu hii ifichwe. Twawashauri walimu wenzetu waionyeshe, kisha wasimamishe picha pale kanisani na kuwapa wanafunzi kalamu. Sisi tulifanya hivyo: tuliwataka waandike wale waumini walikuwa wakisema nini. Wengi waliandika sala. Yule aliyeuliza swali alimwandika bibi kizee wa mstari wa nyuma, anayemnong'oneza jirani yake: "Wajerumani wakija, kinanda hiki atakibeba nani, kama si sisi?"

Kwa sentensi hiyo moja, kile kijiji cha Butiaba kilipata mkazi.