Pongezi kwa Waimbaji wa Kamina

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Mtakatifu Bavo hapa Kamina, Kongo, kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin iliimba Missa Luba. Wavulana wa shule na walimu wao, wakiongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, walikichukua Kilatini cha Misa wakakiimba kwa sauti za kwetu. Hawakufuata nota za karatasini: Joachim Ngoi alianzisha, wenzake wakaitikia, ngoma zikabeba mwendo. Sanctus ilitoka katika wimbo wa kuagana. Ndani ya Credo, Kristo msulubiwa analiliwa kwa kasala, wimbo wa maombolezo, kama Waluba wanavyomlilia ndugu yao. Nikifika hapo kwenye santuri, mwili hunisisimka.

Mwaka huohuo waliimba Ulaya, hata kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels. Nawapongeza kwa hilo, lakini kwangu mahali hasa pa Missa Luba ni kanisa la Kamina. Ukumbi wa tamasha humtaka msikilizaji anyamaze hadi wakati wa makofi. Misa hii inamwita aitikie, na hapa waumini walizijua njia za nyimbo hizo tangu utotoni. Hongereni, walimu na wavulana wa Kamina!